Sikupima

Mwaka 2011 nilikuwa nafundisha Sayansi darasa la sita katika shule moja ya msingi bondeni Msimbazi, upande wa Kigogo, Dar es Salaam. Darasa lilikuwa na watoto 94, dawati moja watoto wanne, na madirisha ya upande wa mto hatukuyafungua asubuhi, maana harufu yake ilikuwa haina mfano. Mgeni akifika ofisini huuliza, "Jamani, kuna nini hapa?" Sisi tulishaacha kuisikia.

Mwezi Februari mwenzangu wa Jiografia alikwenda likizo ya uzazi, nikashika vipindi vyake. Somo lilikuwa mito, na watoto walikuwa wameiva. Mto Pangani unaishia wapi? Bahari ya Hindi! Rufiji je? Bahari ya Hindi! Sehemu za mto? Chanzo, mkondo, tawimto, mlango! Sauti zilitoka kama za kwaya ya Pasaka. Nikanyoosha kidole dirishani. "Na huu hapa nyuma ya vyoo, unatoka wapi?"

Kwaya ikanyamaza. Mmoja akasema unatoka Vingunguti. Mwingine akasema hautoki popote, ni maji ya viwanda yamekusanyika. Wa tatu akaapa kwamba kaka yake ameliona bomba lenyewe. Nikamgeukia binti mmoja wa dawati la nyuma, mtoto wa mama anayeuza mchicha, akasimama akasema, "Sijui, mwalimu." Darasa zima likaangua kicheko, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Jioni nikiwa kituoni nasubiri daladala ndipo kicheko kile kiliponirudia. Katika watu 95 tuliokuwa mle darasani, yule binti peke yake ndiye aliyesema kweli. Mimi mwenyewe Msimbazi niliujua kwa kusikia tu: kwamba unaanzia vilima vya Pugu, kule Kisarawe, unashuka kilomita kama 35 kupitia Ukonga, Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, ukaingia baharini kwenye Daraja la Salender. Nilikuwa nimeuvuka mara elfu na sijawahi kuutazama.

Nilimweleza Mwalimu Mkuu kwamba nataka watoto wakaupime mto. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani. "Mwalimu, yale maji unayajua?"

"Nayajua, mkuu."

"Basi mtoto asitie hata kidole."

Alikuwa na haki. Maji yale yalikuwa yanabeba vyoo vya nusu ya mji, na kipindupindu hakikuwa hadithi kwetu. Tukapatana: kila mtoto alete barua ya mzazi, awepo mtu mzima wa pili, kazi yote ifanyikie darajani au ukingoni palipo pakavu, na ndoo ya maji safi na sabuni viwepo kabla ya kitu kingine chochote. Wazazi wengi walitia saini bila maneno. Mmoja alikuja mwenyewe. "Mimi mwanangu nimemleta asome afaulu, mwalimu. Kunusa mto, hata nyumbani ananusa." Sikuwa na jibu, na alitia saini hivyo hivyo.

Wakajitolea 24. Nikawagawa wanane wanane kwa vituo vitatu, A, B na C, kila Jumamosi asubuhi. Vifaa vyetu vilikuwa ufito mrefu wa mwanzi, ambao mzazi mmoja fundi rangi alitupakia nyekundu na nyeupe kila sentimita kumi, kamba ya mita kumi, saa yangu ya mkononi, kopo lililofungwa kwenye mti mrefu, chupa ya plastiki isiyo na rangi, na machungwa.

Chungwa ndilo lililowavuta. Ukitaka kujua kasi ya mto unahitaji kitu kinachoelea huku sehemu yake kubwa ikiwa ndani ya maji, ili upepo usikisukume, na kiwe cha rangi ya kuonekana kwa mbali. Unakiachia mwanzo wa kamba, unahesabu sekunde mpaka kifike mwisho, unarudia mara tatu, unatafuta wastani. Jumamosi ya pili, chungwa la kituo B likazama kama jiwe. Watoto wakabishana: mto umechoka, chungwa bovu, kuna jini. Ikaja kujulikana kwamba mpimaji alishalimenya, alikuwa na njaa, akaona aibu akalitupa hivyo hivyo. Jumatatu tukaleta ndoo darasani na machungwa mawili, lenye ganda na lililomenywa. Lenye ganda likaelea, lililomenywa likaenda chini, na watoto 94 wakasimama juu ya madawati kuona. Wenyewe wakalipasua ganda, wakaona lile jeupe la ndani lilivyo kama sponji, wakasema hewa imo humo. Somo lile halikuwa kwenye andalio langu.

Hesabu tulifanya ubaoni. Kituo B mto una upana wa mita 4, kina cha wastani sentimita 40, chungwa limetembea mita 10 kwa sekunde 40. Kasi ni mita 0.25 kwa sekunde. Ila maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mchanga, kwa hiyo tukazidisha kwa 0.8. Ikatoka lita 320 kila sekunde. "Ni ndoo ngapi?" nikauliza. Ndoo kubwa ni lita 20. Wakapiga: ndoo 16. Yule binti wa mama mchicha akaitazama ile 16 muda mrefu. "Ndoo kumi na sita kila sekunde," alisema, "na sisi tunanunua maji ya dumu."

Mwezi Machi masika yakaanza, na daftari la vipimo likaanza kujaa. Mwanzoni mwa Aprili nikaketi nalo nyumbani, kibatari mkononi maana umeme ulikuwa umekatika, nikaona jambo. Kina cha maji kwa sentimita, kituo A: 38, 51, 44, 60, 47. Kituo B: 40, 49, 46, 58, 45. Kituo C, tarehe 5 Machi: 42. Tarehe 12: 42. Tarehe 19: 42. Tarehe 26: 42. Tarehe 2 Aprili: 42. Mto mmoja, mvua moja, lakini kwa kijana aliyekuwa mpimaji wa kituo C maji yalikuwa yamesimama.

Jumatatu nikamwita mbele. Kwa mazoea ya miaka kumi na moja mkono wangu ulikwenda kwenye kona ilipokaa fimbo. Kona ile ile ndiyo tuliyokuwa tunasimamisha ufito wa kupimia, na nilichokishika kilikuwa hicho, kirefu kuliko mlango. Watoto wakacheka, hasira ikanikatika.

"Kwa nini kila wiki 42?"

Akatazama chini. "Siku ile ya kwanza ulisema vizuri sana, mwalimu."

"Ehe?"

"Nikajua ndilo jibu."

Nimeshiriki semina nyingi za ualimu, za posho na zisizo na posho, na sijapata kusikia maneno yaliyoniingia kama hayo matatu. Mtoto yule hakuwa mwongo. Tangu darasa la kwanza, kila namba aliyoiandika kwenye karatasi ilikuwa na mwenyewe, naye ni mwalimu, ambaye tayari anaijua. Kazi ya mtoto ilikuwa kuotea namba iliyomo kichwani mwa mwalimu. Mwaka uliofuata mtihani wa darasa la saba ulianza kujibiwa kwa kusiliba vivuli, hata wa Hisabati, na nikaona tumelipigia mstari jambo lile lile. Nilikuwa nimewapeleka mtoni na ufito na saa, nikasahau kuwaambia jambo moja la kwanza kabisa: kwamba jibu la kina cha maji sina.

Nikamuuliza alikuwa wapi Jumamosi zile. Alikuwa Buguruni sokoni, anauza maji ya kandoro. Nyumbani wasingekula asipokwenda.

Siku hiyo tuliweka sheria, nikaiandika kwa chaki ya rangi juu ya ubao, ikakaa pale mwaka mzima. Usipopima, andika SIKUPIMA, na sababu yake. Hakuna adhabu ya kutopima. Adhabu ni ya kuandika namba ambayo hukuiona kwa macho yako. Na kila namba iwe na jina la aliyepima na chombo alichotumia, ili tukitilia shaka tujue pa kuuliza.

Daftari likabadilika sura. "Sikupima, nilikuwa sokoni." "Sikupima, saa imeisha betri." "Sikupima, mbwa." "Sikupima, mvua." "Sikupima, mvua." "Sikupima, bibi kafariki." Mwanzoni mapengo yale yaliniudhi, jedwali lilionekana kama mdomo wa mzee. Kumbe humo ndimo mlimokuwa na elimu.

Mwezi Juni, kabla ya likizo, tulichora grafu kwenye karatasi za manila na kuzibandika ukutani. Yule binti wa "sijui" akasimama mbele yake, mikono nyuma. "Mwalimu, mbona kwenye daftari mto wetu haujawahi kufurika?"

Tukatazama. Namba kubwa kuliko zote ilikuwa sentimita 61. Na kila mmoja wetu alijua kwamba mwezi Mei maji yaliingia uani kwa watoto wasiopungua watano. Tukarudi daftarini, na ikaonekana wazi: siku zenye mvua kubwa zote zimeandikwa SIKUPIMA. Siku mto ulipokuwa na la kusema, sisi tulikuwa tumejifunika shuka. Mgeni angeisoma grafu yetu angesema Msimbazi ni mto mpole, mtu anaweza kujenga hata ukingoni. Hakuna aliyedanganya hata namba moja, na picha nzima ilikuwa ya uongo.

Sikuwa tayari kumpeleka mtoto yeyote darajani wakati wa mvua, na nikawaambia. Tukakaa kimya. Ndipo kijana wa kituo C akasema, polepole kama anayeogopa kuchekwa, kwamba kwao maji yakiondoka huacha mstari ukutani. Mama yake huufuta kwa tambara.

Tukaufanyia kazi mstari ule. Nguzo za daraja tulizisugua chaki kutoka juu hadi chini, mahali pa kufikika kutoka ukingoni. Mto ukipanda unaosha chaki, ukishuka unaacha mpaka. Kesho yake jua likiwaka, unakwenda na ufito unasoma maji yalifika wapi usiku. Mto ukawa unajiandikia wenyewe. Miaka michache baadaye, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria ulipoleta wanafunzi wa vyuo kupita mitaa ya mabondeni na wenyeji wakichora ramani, niliwatazama vijana wale na simu zao nikacheka peke yangu, nikikumbuka chaki.

Likizo ya Juni niliwapeleka kumi na wawili Pugu. Konda wa Gongo la Mboto alipoona sare kumi na mbili alitaka kufunga mlango. Nikalipa nauli ya mtu mzima kwa wote, akatuita "wanangu" njia nzima. Tulitembea hadi kwenye miti, tukafika penye kijimto kinachopita juu ya changarawe, upana wa hatua moja. Maji yalikuwa meupe. Watoto walisimama. "Huu ndio Msimbazi?" Mmoja akauruka, akarudi, akauruka tena, anacheka. "Nimeuruka Msimbazi! Nimeuruka Msimbazi!"

Kipimo chetu cha uchafu kilikuwa msalaba mweusi kwenye karatasi: unaweka chupa juu yake, unamimina maji kidogo kidogo, unatazama kutoka juu mpaka msalaba upotee. Kigogo ulipotea kwenye sentimita 6. Pugu tuliijaza chupa hadi shingoni na msalaba bado ukatutazama. Tukageuza mawe. Chini yake kulikuwa na kaa wadogo, na watoto wa kereng'ende wanaoishi majini kabla ya kuota mabawa. Kigogo, ndani ya kopo letu, tulikuwa tumepata funza wekundu tu, wembamba kama uzi, wanaojikunjakunja. Nilikuwa nimewaeleza kwamba wekundu ule ni wa damu yenye uwezo wa kushika hewa kidogo iliyobaki kwenye maji machafu. Wengine wengi hewa ikiisha hufa au huondoka. Kwa hiyo wadudu ni kama rejista ya darasa, unaangalia nani yupo na nani hayupo. Mwaka 2015 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walitoa kipimo kamili cha mito ya Tanzania kwa kutumia wadudu, kinaitwa TARISS. Sisi tulikuwa na orodha ya safu mbili, na chini ya "viluwiluwi" shabiki mmoja wa Simba alikuwa ameongeza: "wanachama wa Jangwani". Nusu ya darasa ilikuwa Yanga, klabu ya Jangwani. Nikafuta mimi mwenyewe ili kulinda amani.

Kilichobaki ni zamani, na zamani haina ufito. Mwezi Julai tukaenda kwa wazee. Kundi la kwanza lilimkuta babu mmoja barazani, likamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba wajukuu zangu, na swali la kwanza likawa: "Babu, si kweli kwamba zamani mto ulikuwa msafi sana?" Babu akasema kweli wajukuu zangu. Mahojiano yakaisha, wakaaga.

Darasani tukalichambua swali lile. Lilikuwa na jibu lake tumboni. Ilikuwa 42 nyingine. Wakarudi kwa babu yule yule wiki ya pili na swali jingine: "Babu, ulipokuwa kijana mto mliutumia kufanya nini?" Alizungumza saa nzima. Mpunga, kufua, kambale waliokamatwa kwa mikono mitupu. Na mafuriko, ambayo hakuyataja kabisa mara ya kwanza. Alisema kambale walikwisha kabla ya vita vya Kagera. Bibi wa nyumba ya tatu akakataa katakata: yeye alipika kambale wa Msimbazi hadi mwaka wa El Nino. Kati ya 1978 na 1997 pana miaka karibu ishirini. Watoto wakataka niwaambie nani mkweli. Nikawaambia waandike yote mawili, na majina ya waliosema, na umbali wa nyumba zao kutoka mtoni. Walikuwa wameanza kunizoea, hawakulalamika sana. Ikaonekana bibi alikuwa anaishi karibu na tawimto, sio mto wenyewe. Huenda wote wawili walisema kweli.

Vuli ilipoanza, chaki zetu zilifanya kazi. Novemba tulisoma mita 1.10, kisha 1.34, namba ambazo daftari halijawahi kuziona. Shule ikafungwa Desemba. Nikawaambia likizo hakuna kupima, wapumzike.

Tarehe 20 Desemba, Jumanne, mvua ilianza kunyesha, na haikukoma. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema baadaye kwamba Dar es Salaam haijapata mvua kama ile tangu 1954. Msimbazi ulipanda usiku na mchana, ukafunika Jangwani, ukaingia nyumba hadi kwenye mabati. Watu walikaa juu ya paa wakisubiri mitumbwi na helikopta. Waliofariki jijini walizidi arobaini. Shule za jirani ziligeuka makambi, na mwezi Januari familia nyingi za bondeni zilipelekwa Mabwepande, mbali kaskazini, kuanza upya kwenye mahema.

Tulipofungua shule sikugusa habari ya mto. Hakuna mtoto wangu wa kikundi aliyepoteza maisha, namshukuru Mungu, lakini madawati yalikuwa na nafasi, na sare nyingi zilikuwa za kuazima. Nguzo ya kituo B ilikuwa imeondoka na daraja lake. Nguo mpya za likizo, madaftari, vitabu, vyote vilikwenda Salender vilikokwenda machungwa. Nilifundisha sehemu za ua.

Siku ya tatu, wakati wa mapumziko, yule binti wa mama mchicha alikuja ofisini na karatasi zilizokunjwa, akaziweka juu ya meza. "Tumepima mstari, mwalimu."

Zilikuwa kumi na moja. Walikuwa wameambizana wao kwa wao. Nyumba zilizobaki zimesimama zilikuwa na mstari wa tope ukutani, na kabla akina mama hawajaufuta, watoto wakaupima, kutoka sakafuni. Yake ilikuwa juu: "Mita 1 na sentimita 62. Nimepima mimi. Futi ya fundi cherehani imeishia 150, nikaongeza rula." Nyingine: "Mita 1 na sentimita 9, nimepima mara tatu." Nyingine: "Mita 2 na kitu, sikufika juu, kaka amenibeba." Nyingine: "Sikupima, mama ameshafuta." Nikazisoma moja moja, nikizipanga kwa umbali kutoka mtoni.

Karatasi ya tisa mwandiko wake niliujua. Familia yake ilikuwa miongoni mwa zinazosubiri lori la Mabwepande. Alikuwa amekuja shule kuaga. Iliandikwa kwa penseli, na jina lake, na tarehe, kama sheria ya ubaoni ilivyotaka.

"Kituo C. Sikupima. Nyumba haipo."

Nikachukua daftari jipya, nikachora jedwali, nikaziingiza zote kumi na moja. Ya tisa niliinakili kama ilivyo, katika safu ya vipimo.